Pweza kwa Wino

Kitu cha kwanza nilichokiona ni penseli ya Mzee Anuar. Nilimpelekea jibu kutoka juu, akalisoma, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Mashaallah. Jibu zuri sana. Mwambie Bi Bahiya ahsante." Penseli ikabaki nyuma ya sikio lake. Haikushuka kuandika.

Wakati ule sikulitilia maanani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtandio nimeubana kidevuni, nataka kurudi ndani, kwa sababu barazani walikuwa wanaume watatu na wote wananitazama. Mimi nikitazamwa na watu watatu husahau hata jina langu.

Bi Bahiya ni mjane wa Mzee Kheir, na Mzee Kheir alikuwa ndugu wa babu yangu. Alipofariki, mama alinituma kutoka kwetu Kikwajuni, Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nije Mji Mkongwe kumkalia Bi Bahiya katika eda yake. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajipambi, hakai na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Mimi nipike, niende sokoni, nilale chumba cha pili asiwe peke yake. Nilidhani ni kazi ya kimya, nami kimya nakiweza. Hakuna aliyeniambia habari ya fumbo.

Chini ya nyumba ile, kwenye baraza la mawe, wanakaa watu wa chemshabongo. Si ile nyepesi ya gazetini. Yao ni karatasi yenye vyumba vyeupe na vyeusi, kila chumba cheupe herufi moja, maneno mengine yamelala na mengine yamesimama, na kila swali limepindwa makusudi. Wakikuuliza "Pindua Amu upate cha kulia mezani", usifikirie safari ya kisiwani. Iandike Amu kinyumenyume, utapata uma. Swali kama hilo huwachekesha mpaka wakashika mbavu. Ng'ambo nako kuna baraza la namna hiyo hiyo, na mabaraza haya mawili hutungiana mafumbo. Wanaoshindwa huwapikia wenzao pilau.

Kila mtu wa baraza letu ana penseli yake, lakini kalamu ya wino ni moja, ya kijani, na mwenyewe ni Bi Bahiya. Yeye ndiye anayeandika karatasi ya mwisho inayokabidhiwa Ng'ambo. Wino haufutwi, jibu likikatwa, halihesabiwi. Kabla ya msiba alikuwa akishuka kila alasiri pamoja na mumewe, anakaa upande wa mlango, na kwa wanavyosema wenyewe, alikuwa akiwamaliza wote.

Sasa yeye yuko juu, fumbo liko chini. Mwalimu Khelef, anayesomesha sekondari, akasema kalamu haiwezi kukaa ghorofani na watu wakakaa barazani. Mzee Anuar, mkubwa wao, akakata shauri. Fumbo hili moja walijaribu kwa kupelekeana majibu. Likitimia, kalamu ibaki kwa mwenyewe. Wakishindwa, ishuke kwa Khelef.

Bi Bahiya alikubali bila ya kunung'unika. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naye. Tangu mumewe azikwe alikuwa hali ila nimbembeleze, tonge mbili tatu, kisha anaisukuma sahani. Siku fumbo lilipoletwa alikula wali wote bila ya kujua, macho yake yako kwenye karatasi, kalamu ya kijani katikati ya vidole kama amana ya mtu mwengine aliyoshikizwa. Nikajua basi. Kalamu ile ikitoka ndani ya nyumba, nitabaki mimi na yeye na sahani zilizojaa.

Mtu atauliza, kwa nini wasitumie simu? Simu zimepigwa marufuku, kwa sababu mwaka jana kuna aliyepiga picha karatasi na picha ikafika Ng'ambo. Kwa nini asiseme nao dirishani? Sheria haimkatazi mjane kusema neno la haja, lakini Bi Bahiya alijiwekea sheria yake mwenyewe, kali zaidi. "Sauti yangu haitasikika njiani mpaka eda yangu ishe," alisema. Na karatasi ya wino haishuki mpaka ikamilike. Kilichobaki ni miguu yangu.

"Mpelelezi wa Ng'ambo kashuka!" Sami muuza kahawa alikuwa akipiga kelele kila nikitokeza mlangoni. "Ficheni karatasi zenu!"

"Mwache mtoto wa watu," Mzee Anuar anasema. "Haya, Mwatima, umetuletea nini?"

Jibu lile la kwanza, lililoiacha penseli sikioni, lilikuwa pweza. Swali lilisema: "Ana wino lakini haandiki, herufi tano." Fumbo lilitungwa na Miraji, fundi cherehani wa Kikwajuni, na siri ya fumbo zima ilikuwa imeshajulikana siku ile ile: majibu yote ni vitu vya baharini. Kwa hiyo Bi Bahiya hakufikiri mara mbili. "Pweza!" akasema, akaliandika kwa wino pale pale kabla ya kuwauliza wenziwe, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza watu.

Nilikuwa nimeshageuka kupanda ngazi Mzee Anuar aliponiita.

"Mwatima."

"Naam."

"Njoo karibu." Akashusha sauti. "Si pweza. Ni ngisi."

Nikahesabu kwa vidole ndani ya mtandio. Ngisi nayo ina herufi tano. Na ngisi naye ana wino. "Nimwambie?"

"Wallahi usithubutu! Mtu kafiwa, yumo edani, leo nimtumie salamu kuwa kakosea? Nna uso gani?"

"Lakini kashaandika kwa wino, babu."

Sami akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Ataona mwenyewe," akasema Mwalimu Khelef. Yeye ndiye aliyekuwa akiingojea kalamu, lakini sitaki kumdhulumu. Hata yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwa haya. "Mtu mwenye akili kama zile, ataona tu."

Nikapanda. Ngazi za nyumba ile ni za kizamani, kila moja ndefu kupita mguu wa binadamu.

"Wamesemaje?" Bi Bahiya akauliza.

"Wamesema jibu zuri sana."

"Wangesemaje tena."

Hakuona mwenyewe. Siku ya pili alikwama kwenye neno lililosimama, linalolikata pweza kwenye ile Z. Swali: "Baada ya vurugu, sita huliwa, herufi nne."

"Sita ni Mfunguo Sita," akasema. "Mwezi wa Maulidi. Vurugu ni ule wingi wa watu. Sasa Maulidi yakesha, watu wanakula nini?"

"Biriani, bibi."

"Herufi nne, we! Na ya tatu ni Z." Akaitazama dari, kisha akasema bila ya furaha, "Nazi."

"Nazi?"

"Nazi hailiwi?"

"Inaliwa. Lakini mengine yote ni ya baharini."

"Nazi ikiangukia pwani haielei?" Akaiandika kwa penseli, nyembamba, kama mtu anayeandika deni la jirani. "Kawaulize."

Chini hawakuhitaji kuulizwa. Walikuwa na jibu tangu jana. "Vurugu maana yake zivuruge herufi," Mwalimu Khelef akanieleza. "Ivuruge sita, utapata tasi. Samaki tasi. Hata darasa la tano analiona hili."

Mimi skuli niliiachia darasa la tano, na sikuliona. "Basi nimpelekee tasi?"

"Hapana!" wakasema wote watatu.

"Tasi ina S pahala pa Z," Mzee Anuar akasema. "Ukimpelekea tasi atajua kuwa pweza si pweza."

"Si ndiyo vizuri, babu?"

"Utamvunja moyo. Mwambie nazi ni fikra kubwa. Mwambie sisi tusingeliiwaza."

Hilo angalau lilikuwa kweli.

Nilidhani walio wagonjwa ni wa chini tu. Siku iliyofuata Mzee Anuar akanipa jibu lake. Swali: "Nyumba yake milango miwili, dirisha hana, herufi tano." Akasema ni kombe, akanieleza kwa mikono namna kombe anavyofunguka na kufunga. Nikampelekea Bi Bahiya.

"Kombe!" akasema. "Jibu la mtu aliyekaa na watu. Mwambie Mungu ampe umri." Kalamu ikabaki juu ya meza. Nikaitazama, nikaikumbuka ile penseli.

"Si kombe, bibi, siyo?"

"Kombe wapi! Ni chaza." Akanivuta mkono, akanionesha. "Tazama. Herufi yake ya kwanza ndiyo herufi ya kwanza ya hili lililosimama. 'Kilicho mali yangu huogelea', herufi sita. Kilicho mali yangu ni changu. Na changu ni samaki. Lazima ianze C. Nimeshaliandika kwa wino tangu asubuhi."

"Basi nende nikamwambie."

"Thubutu! Anuar aliingia kaburini kumpokea mume wangu kwa mikono yake miwili. Mimi leo nimtumie mtoto amwambie hajui kombe na chaza?"

"Lakini Ijumaa Miraji atawauliza wao, bibi. Barazani. Jibu moja moja, na maana yake."

"Ataona mwenyewe," akasema Bi Bahiya.

Nilitaka kulia. Watu wazima wanne, mafundi wa maneno, wanazijua herufi mbele na nyuma, na neno moja dogo, umekosea, hakuna anayeliweza.

Mzee Anuar naye hakuona mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa na kombe, neno lile la kusimama lilianza kwa K, na Mwalimu Khelef akakesha nalo. Alhamisi alinishukia kwa furaha. "Kiboko! Herufi sita. Kilicho mali yangu ni kiboko, bakora yangu ya darasani. Na kiboko huogelea. Hakuna jengine."

"Kiboko wa baharini?" Sami akauliza.

"Wewe tia kahawa."

Nikampelekea Bi Bahiya kiboko. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Bahari gani hiyo? Kamuona wapi, pwani ya Chukwani?"

"Nimwambie hivyo, bibi?" nikasema kwa hamu.

Akajifuta macho. "Mwambie ahsante sana. Mwambie ni jibu lenye elimu."

Siku ile wali uliungua. Mchuzi ulikauka. Nilikuwa nikipeleka "mashaallah" juu na kuteremsha "Mungu akupe umri" chini, na nikifika kila mwisho ninavutwa pembeni, ninaambiwa ukweli kwa sauti ndogo, ninaapishwa. Magoti yanauma. Na ndani ya kichwa changu karatasi mbili, ya juu ina kosa huku, ya chini ina kosa kule, na ukizikunja pamoja fumbo limekwisha.

Ijumaa ikafika. Watu wa Ng'ambo waje wakisha kusali alasiri. Tangu watu watoke msikitini adhuhuri nilikuwa ngazini. Bi Bahiya alikuwa ameshika kalamu juu ya nazi, hawezi kuitia wino. Alijua kuna kitu hakijakaa sawa. Sahani ya mchana ilikuwa pale pale, imejaa.

"Waulize," akasema. "Hii nazi, wao wameielewaje? Waniambie kweli."

Nikashuka. "Bi Bahiya anauliza kuhusu nazi. Anataka kweli."

Mzee Anuar akatazama kikombe chake. Mwalimu Khelef akatazama njia. "Mwambie ni nzuri," akasema. "Aiandike tu."

Nilipanda mpaka katikati ya ngazi, nikakaa. Sikuweza kupanda na sikuweza kushuka. Pale ukikaa unasikia vikombe vya chini, na unasikia pia kalamu ya juu ikigongwagongwa mezani. Nikafikiri, basi haya masikio yangu wanayo wao pia. Nikasimama, nikateremka mpaka mlangoni, mlango uko wazi, ngazi iko wazi, nikafumba macho nisiwaone wanaonitazama, nikapiga kelele:

"Bi Bahiya! Wanasema si pweza, ni ngisi! Na nazi siyo, ni tasi! Wamejua tangu siku ya kwanza! Mzee Anuar! Bi Bahiya anasema si kombe, ni chaza! Na lililosimama ni changu! Na anauliza kiboko mumemuona Chukwani?"

Vespa iliyokuwa inapita ikapunguza mwendo. Sami alikuwa ameinua birika, kahawa inaendelea kumwagika, kikombe kimeshajaa zamani.

Sikungoja. Nilikimbia juu. Bi Bahiya alikuwa amesimama mbele ya karatasi. "Sita," akasema. "Tasi. Ya Rabbi, tasi." Akaketi. Akalikata pweza kwa mstari mmoja, akaandika ngisi juu yake kwa herufi ndogo, kisha tasi kwa wino. Hakunikemea. "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, bibi."

"Kaipeleke."

Miraji alikuja na wenziwe wawili, mapande ya watu, wamevaa kanzu za Ijumaa. Akawauliza wetu jibu moja moja. Mzee Anuar akaeleza chaza, masikio yamemwiva. Mwalimu Khelef akaeleza changu, maneno mawili tu, akaketi. Yote yalikuwa sawasawa. Kisha Miraji akaishika karatasi karibu na uso.

"Hapa pamekatwa."

"Tumeona," akasema Mzee Anuar.

"Ngisi juu, pweza chini." Miraji akacheka mpaka akajipiga paja. "Mji Mkongwe mumeangushwa na pweza! Haya, pilau letu, na zabibu zisikose. Na wewe, Mwatima, mtoto wa kwetu, usitupikie wewe. Tushasikia wali wako unavyonuka mpaka njiani."

Walikuwa bado wanacheka kikapu kiliposhuka. Ni kikapu cha kamba, ambacho Bi Bahiya hununulia mikate bila ya kushuka. Kilikuja polepole ukutani, kikasimama mbele ya uso wa Mzee Anuar. Ndani yake palikuwa na leso, na ndani ya leso kalamu ya kijani.

Ahadi ilikuwa ahadi. Mwalimu Khelef akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mwenyewe, akauweka chini ya paja.

"Mwatima," akasema Mzee Anuar, "mpelekee kalamu yake. Na umwambie..."

"Simwambii."

Sijui nani alishangaa zaidi, wao au mimi. Sauti ilikuwa yangu. "Mwambie mwenyewe, babu. Dirisha lile pale."

Mzee Anuar akanitazama. Akalitazama dirisha. Akasimama kwa kujishikilia ukuta, akaiweka kofia yake sawa kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, akainua uso.

"Bi Bahiya!" Akakohoa. "Pweza lilikuwa kosa. Sisi tulijua, tukanyamaza. Kwa hivyo kosa ni letu. Kalamu yako hii, ivute!"

Kamba haikwenda. Wale wa Ng'ambo nao wakainua nyuso. Nilikitazama kikapu kile kinaning'inia, nikaifikiria ile sahani.

Kisha kutoka nyuma ya vibao vya dirisha, sauti ambayo haikusikika njiani tangu msiba:

"Na kiboko, Mzee Anuar?"

Sami aliiachia birika.

"Kiboko changu mimi, Bi Bahiya!" Mwalimu Khelef akapiga kelele, mikono kichwani. "Nsamehe!"

"Na kombe?"

"Hilo langu!" akasema Mzee Anuar. "Nshakubali!"

Kikapu kikaanza kupanda.

Tangu siku ile wanasemezana wenyewe, wa juu juu na wa chini chini, kila alasiri. "Umekosea!" "Umekosea wewe!" Majirani wanalalamika. Sheria yake ile kali Bi Bahiya ameipunguza, anasema neno la haja halikatazwi, na fumbo ni haja. Anakula. Wali wangu hauungui tena.

Lakini liko jambo sikumwambia mtu. Na mimi nilikuwa na karatasi yangu. Nilivinakili vyumba vyote nyuma ya kalenda ya zamani, nikawa navijaza jikoni wakati sufuria iko motoni. Wiki nzima kila mtu alinipa jibu lake na siri ya jibu la mwenziwe, na hapana hata mmoja aliyeniuliza mimi nimeandika nini.

Hata mimi niliandika pweza.